Robo Iliyopotea Kitaluni

Nyumbani,
Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu utazipata mwishoni, nafasi ikibaki. Kwanza nikupe habari, maana nikikaa nayo itanipasua.

Juzi Baba alituita barazani, mimi na Mama. Tangu goti limgomee habanduki pale kitini, anatazama kitalu kama mtu anayeona gari lake linaendeshwa na mwingine. Akasema amechoka, anataka kukabidhi kitalu kabla hajaanza kusahau majina ya miche. Mimi nikajiweka sawa. Nikafuta udongo mikononi, nikaketi vizuri, nikangoja jina langu litajwe. Nani mwingine? Nani anafungua mpira wa maji watu wakiwa bado wamelala? Nani anabishana na wateja wanaotaka mche uliochanua kwa bei ya mbegu?

Baba akasema, "Mnayakumbuka yale maua meupe, ya mwaka aliozaliwa kitindamimba wetu? Atakayenioteshea tena yale meupe, kitalu ni chake."

Nikatabasamu kama picha ya ukutani. Mama akanyanyuka, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeoshwa tayari.

Nayakumbuka, nilikuwa na miaka tisa. Maua yetu ya ukutani, yale ya chini ya dirisha la Mama, ni ya zambarau tangu niijue dunia. Mwaka ule Mama alikuwa hospitalini wiki kadhaa kwa ajili yako, na aliporudi amekubeba, kwenye tuta palikuwa na mimea kadhaa imechanua meupe pee. Baba alichuma ua moja akalitia kwenye kikombe kando ya kitanda chako. Akasema umekuja nayo. Mimi mwaka niliozaliwa kiliota nini? Magugu, nadhani. Msimu uliofuata meupe hayakuonekana, na hayajaonekana hadi leo.

Sasa nikuulize. Ulipokuja likizo mwaka jana ulibeba bahasha nzima ya mbegu za yale ya zambarau. Ulisema ni kumbukumbu tu. Na huko kituo cha mbegu unakofanya kazi, kama nimeelewa, mnalipwa kuotesha rangi mnazozitaka. Je, Baba alikunong'oneza mapema? Nijibu kweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi si mteja.

Nafasi ya salamu imekwisha.

Dada yako,
Mwenye Jembe


Kituo cha Mbegu,
13 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi salamu zangu naziweka mbele, usije ukasema shule imeniharibu.

Baba hajaninong'oneza kitu. Baba hata kwenye simu huniambia "haya mgeni wetu, ngoja nikupe dada yako". Wewe ndiye unayeitwa mkono wake wa kulia, tena mbele za watu. Ningekuwa wewe nisingeuliza maswali ya kinyongo. Mbegu nilizibeba kwa sababu ya hiyo hadithi ya kikombe. Nimekua nikiisikia, nikataka kuyaona hayo maua niliyokuja nayo.

Na sikiliza, nimeyapata. Au karibu.

Nilipanda mbegu za nyumbani, mimea ishirini, yote ikachanua zambarau. Ukiitazama hutofautishi mmoja na mwingine. Nikachukua chavua ya mmea mweupe wa hapa kituoni, nikaipaka kwa brashi kwenye kila mmoja wa mimea yetu, halafu nikapanda watoto wake. Mimea kumi na minane ilizaa zambarau tupu. Lakini miwili ilizaa nusu zambarau, nusu nyeupe. Nilipiga yowe mpaka mkuu wangu akaja na fimbo akidhani nimeona nyoka. Maana yake hiyo miwili ilikuwa na nyeupe ndani muda wote, imeificha tu.

Nikueleze tunavyokisia, ili usiseme nakufunga macho. Kila mmea una herufi mbili za rangi, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Z kubwa ni zambarau, z ndogo ni nyeupe. Z kubwa ina mdomo. Ikiwepo hata moja, z ndogo hainyanyui sauti, na ua linatoka zambarau. Mpaka z ndogo mbili zikutane peke yao ndipo ua linakuwa jeupe. Sasa chora nyumba ya vyumba vinne. Juu ya paa weka herufi za mzazi mmoja, ubavuni za mzazi mwingine, na kila chumba kichukue moja ya juu na moja ya ubavuni:

        Z      z
 Z    ZZ    Zz
 z    Zz    zz

Vyumba vitatu ni zambarau, kimoja ni cheupe. Wazazi wote wawili ni zambarau, umeona? Hapa kazini inaitwa mraba wa Punnett. Wewe iite unavyotaka.

Basi ile mimea miwili niliifunika maua kwa mifuko ya karatasi kabla hayajafunguka, nyuki wasiniletee chavua ya nje, nikaiacha ijichavushe yenyewe. Mbegu zake ndizo hizi kwenye kifurushi. Nimezigawa: arobaini na nane zako, arobaini na nane nimepanda hapa. Tegemea robo, yaani kama kumi na mbili nyeupe. Huenda zikawa tisa au kumi na tano, ni kama kurusha sarafu, lakini robo haikwepi mbali.

Tukimpelekea Baba pamoja, kitalu kiwe chetu sote. Sikuzungumza na mtu kabla ya kukuandikia wewe. Kumbuka hilo.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Nyumbani,
10 Machi

Mdogo wangu,

Kifurushi kilifika. Nimepanda siku hiyohiyo, tuta la peke yake karibu na tangi. Zimeota arobaini na sita. Mbili hazikuota, si kosa langu wala lako.

Hiyo nyumba yako nimeichora kwa chaki kwenye mlango wa stoo, kubwa, nikapachika herufi. Nimeielewa mara ya kwanza, kwa taarifa yako. Ulipokuwa unaandika "umeona?" nilikusikia hadi huku.

Mama alipita na kikapu chake, akasimama hapo mlangoni. Akauliza ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Zambarau itazaaje nyeupe?" Nikarudia, nikaonyesha kwa kidole, chumba kwa chumba. Akasema, "Baba yenu anawachezea kama watoto," akaenda zake kupalilia. Sijui kimemkera nini. Siku hizi Mama na Baba wanazungumza kwa kupitia mimi, mwambie baba yako chai iko tayari, mwambie mama yako nimesikia, na wote wako chumba kimoja.

Kuhusu "kitalu chetu sote". Nimelisoma hilo neno mara nyingi. Wewe una mshahara, una mkuu anayekuja na fimbo kukuokoa, una koti jeupe. Mimi nina hiki tu. Ukinipa nusu ya kitu ambacho nimekibeba mzima tangu ujana wangu, nikushukuru? Sisemi usipate haki yako. Nasema niliposoma barua yako nilikuonea gere, na bora nikwambie mwenyewe kuliko ulisome kwenye mwandiko wangu.

Baba kila jioni anauliza, "Yamechanua?" Namwambia bado. Anasema, "Mwanangu yule ana mikono ya baraka." Hasemi yupi, lakini hanitazami mimi.

Dada yako


Nyumbani,
25 Aprili

Mdogo wangu,

Yamechanua yote. Mimea thelathini na mitano. Zambarau, zambarau, zambarau, kuanzia huku hadi kule. Nyeupe hata ya kusingizia hakuna.

Baba aliomba nimshike mkono aje mwenyewe. Alitembea kutoka barazani hadi kwenye tangi, kwa goti lile. Akatazama. Akasema, "Si kitu, mwanangu," akaomba kiti. Hilo "si kitu" nitalikumbuka hadi nazikwa.

Basi umefurahi? Maana nimekaa nikafikiri. Mbegu zilikuwa mafungu mawili, na aliyegawa ni wewe. Nani ajuaye ulinipa lipi? Ukiwa na fungu la kweli huko, unangoja mimi niaibike, halafu unakuja na vyungu vyako vinang'aa weupe, koti limepigwa pasi, Baba anakuita mwanangu mwenye baraka mbele yangu. Na mimi niliyemwagilia zambarau zako kila asubuhi nashika mpira wa maji nakutazama. Kama ulitaka kitalu si ungesema tu? Ungekuja mchana kweupe, tugombane kama watu.

Mlango wa stoo nimeufuta.

Aliyekuwa dada yako


Kituo cha Mbegu,
3 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena.

Nilizopanda hapa zimechanua wiki iliyopita. Kati ya arobaini na nane, nyeupe ni kumi na tatu. Zimesimama mbele yangu ninapoandika. Mbegu zilitoka kwenye bakuli moja, nilizichanganya kwa mkono kabla ya kuzigawa. Ukitaka nikuapie, nakuapia kwa uhai wa Mama.

Sasa tufanye hesabu yako, si yangu. Uliandika mwenyewe kwamba zimeota arobaini na sita. Uliandika mwenyewe kwamba zimechanua thelathini na tano. Kumi na moja ziko wapi? Hukutaja ugonjwa, hukutaja konokono. Na hiyo kumi na moja, Dada, ndiyo robo. Haikupotea nusu wala theluthi. Imepotea robo ileile niliyokuambia uitegemee, na zilizobaki zote ni zambarau. Ugonjwa hauchagui rangi ya ua ambalo bado halijachanua.

Lakini mtu anaweza kuchagua. Wewe na mimi tumekulia kitaluni. Mche wa maua ya zambarau, ukiwa bado mchanga na majani manne tu, una wekundu-wekundu kwenye shingo ya shina. Nimechunguza hapa: nyeupe zangu zote zilikuwa na shingo ya kijani kitupu tangu utotoni. Anayejua hilo anaweza kupita asubuhi moja akang'oa robo yangu yote, na tutani pasibaki hata ushahidi.

Umeniambia kwa mdomo wako kwamba unanionea gere. Nilikuheshimu kwa kusema. Sikujua kwamba ulikuwa unanitayarisha.

Unadhani mimi sioni wivu? Ninalala kwenye chumba chenye kitanda kimoja na jiko la mafuta. Kila barua yako ina Baba anauliza, Mama anapita na kikapu, na mimi naisoma kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. Ningekupa koti hili jeupe leo, unipe asubuhi moja ya kufungua mpira huo wa maji. Lakini sijakung'olea kitu.

Nakutumia mbegu nyingine ishirini na nne za mimea ileile miwili. Kama mikono yako ni safi, zipande tena, uzikalie. Na mwezi wa saba nakuja na vyungu vyangu, upende usipende. Baba atayaona.

Mdogo wako, na sijaacha kuwa mdogo wako


Nyumbani,
9 Mei

Wewe,

Sikung'oa. Sitarudia mara ya pili.

Kama ningetaka kukuharibia ningemwaga maji ya moto tuta zima, nisingekaa kuchagua shingo moja moja kama anayechambua mchele. Hunijui?

Ishirini na nne zako nimezipanda kwenye trei, nikaziweka chini ya dirisha la chumba changu. Tutaona nani ana mikono gani.

Ni mimi


Nyumbani,
30 Mei

Mdogo wangu,

Keti kabla hujasoma.

Trei ziliota zote ishirini na nne. Zilipofikisha majani manne nilizipitia na miwani ya Baba. Sita zilikuwa na shingo ya kijani kitupu. Robo yako kamili, kama ulivyochora. Nikakasirika zaidi, kwa sababu ina maana ulikuwa unasema kweli, na kama wewe ni mkweli, basi tuta la kwanza liling'olewa na mtu wa nyumba hii. Nikaanza kumshuku kila mtu, hadi mteja anayekuja kuomba maganda ya karanga.

Leo asubuhi nimeamka kwa mlio wa kikapu kuwekwa chini. Nikachungulia dirishani. Mama amechuchumaa mbele ya trei. Haharakishi wala hajifichi. Anaegemeza kidole kwenye shingo ya mche, anautazama, anaupita. Anaegemeza kwa unaofuata, anaung'oa, anautia kikapuni chini ya magugu. Nilipotoka nje, wa sita ulikuwa mkononi mwake.

Nikasema, "Mama, unafanya nini?"

"Nini? Napunguza miche."

"Hiyo ndiyo ya maua meupe, Mama!"

Akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni. "Najua ni ipi," akasema. "Nimeing'oa tangu hujaota meno. Kwetu mama yangu alitufundisha, mche usio na wekundu shingoni ni dhaifu, ng'oa mapema. Tukang'oa, hatukuwahi kuuona ukichanua. Mwaka aliozaliwa mdogo wako sikuwepo kung'oa. Narudi na mtoto mkononi, nakuta maua meupe nyumbani kwangu, na baba yako anachekelea. Namuuliza umeyatoa wapi? Ananiambia yameota yenyewe."

Mdogo wangu, ungeisikia sauti yake. Kama ni jambo la jana.

"Yameota yenyewe!" akasema. "Na ng'ambo ya reli kulikuwa na yule muuza mbegu, mwanamke wa kucheka na kila mtu, mbele ya duka lake yamejaa meupe matupu. Baba yako alikuwa anakwenda kule kila mwisho wa juma. Mimi nalala hospitalini nimechanwa tumbo, yeye anapanda maua ya mwanamke huyo chini ya dirisha langu. Halafu anamwekea mtoto wangu kwenye kikombe! Ningesema nini, na nina kitoto kichanga? Nikang'oa. Nimeng'oa kila msimu hadi nikafikiri yamekwisha. Leo amezeeka, goti bovu, na bado anayaulizia. Mbele yangu."

Hapo nilielewa kwa nini huwa anaosha vikombe visafi.

Nikachukua kijiti, nikachora nyumba ya vyumba vinne kwenye udongo, palepale miguuni pake. Nikamwambia, "Mama, maua ya ukutani yalikuja kitaluni hapa kwa njia gani?" Akasema, "Nilikuja nayo mimi, kwenye kopo, nilipoolewa." Nikamwambia, "Basi meupe yalikuwa ndani ya kopo lako. Z kubwa iliyaficha. Kwenu mlikuwa mnayang'oa bila kujua ni meupe. Mwaka mmoja tu hukung'oa, yakatoka. Hayakuhitaji mwanamke wa reli. Zambarau na zambarau, tazama chumba hiki cha mwisho."

Alikitazama hicho chumba kwa muda mrefu. Kisha akakifuta kwa mguu, akachukua kikapu, akaingia ndani.

Sasa kuhusu mimi na wewe. Nilikuita mwongo, na wewe ukaniita mwizi wa miche. Nadhani tumetoshana. Lakini nilipokuwa namtazama Mama pale, nilijiona mwenyewe nikisoma barua zako. Wivu huu hatukuuokota barabarani, mdogo wangu. Tumeurithi, na kwangu mimi umetoka na herufi kubwa zote mbili.

Na vyungu vyako usilete kwanza. Ukija navyo Mama ataona meupe yanaingia tena kwa mlango wa nje.

Dada yako


Kituo cha Mbegu,
7 Juni

Dada yangu,

Nisamehe. Nimeanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitalipamba.

Sileti vyungu. Nilikuwa nimeshakata tiketi, na nitakwambia kweli yote, nilikuwa nimeshajiona nikishuka navyo, Baba ananyanyuka kitini bila kushikwa. Nilikuwa nimechagua hadi chungu cha mbele. Tiketi nimeirudisha. Mkuu wangu kaniuliza kwa nini nina uso wa msiba na maua yametoka vizuri hivi, nikamwambia ni mambo ya nyumbani.

Mama mwambie hivi, kama atakubali kusikia: asiniamini mimi, wala wewe, wala kituo. Ile mimea yako thelathini na mitano bado inachanua. Mingi imebeba z ndogo, kama miwili katika kila mitatu. Achague mwenyewe anaoupenda. Atafute ua ambalo halijafunguka, alifunge mfuko wa karatasi kwa uzi wake, na mtu asiliguse. Likizaa mbegu azivune kwa mkono wake, azipande kwenye chombo chake, akiweke anapopataka. Afunge zaidi ya mmoja, maana anaweza kuangukia ule wa chumba cha kwanza, ZZ, ambao hautatoa kitu. Na asing'oe. Hilo ndilo litakalokuwa gumu.

Kitalu ni chako, Dada. Ningekishinda kwa vyungu, lakini ungenitazama namna ile Mama anavyomtazama Baba, na mimi sina uvumilivu wa Baba.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Nyumbani,
19 Septemba

Binti yangu mdogo,

Naandika mwenyewe. Dada yako amenipa kalamu, na nimemwambia akae mbali, asisome begani.

Kwanza siombi radhi. Nilichokiona wakati ule ndicho nilichokijua. Mwanamke yeyote angefika kwenye shina lilelile akaling'oa. Pili, umekonda, nimeona kwenye picha. Kula.

Dada yako alinisomea maagizo yako. Nikakaa wiki nzima sitaki. Kisha nikaona nisiposhika mimi mtashika ninyi, nami nitabaki kushuku tena. Nikachagua mimea mitatu. Nikaifunga maua kwa mifuko ya karatasi na uzi mweusi wa kushonea, fundo langu mimi, hakuna mwingine anayelijua. Kila asubuhi nilikuwa naangalia fundo. Hakuna binti aliyewahi kulindwa namna ile, hata ninyi wawili. Nyuki walikuja wakapiga kona, wakaondoka.

Nilivuna mwenyewe. Nilipanda kwenye beseni langu la kufulia, dirishani jikoni, ninapoweza kuliona ninapoosha vyombo. Miche ikatoka. Mingine shingo nyekundu, mingine shingo ya kijani. Mkono uliniwasha, mwanangu. Niliufunga kwenye aproni. Hujui unavyoniomba kitu kigumu, kuuacha mche ambao umeung'oa maisha yako yote.

Mbegu za mmea wa kwanza zimetoa shingo nyekundu tupu, dada yako anasema ni chumba cha kwanza cha nyumba yako. Za hiyo miwili mingine zimetoa na shingo za kijani, yaani meupe. Nimehesabu mara ya kwanza, nikahesabu tena nikiwa nimevaa miwani. Ni robo, imepungua kidogo. Mama yake zambarau, nilimfunga mwenyewe, hakutembelewa na mtu. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Nimekaa pale mpaka maji ya chai yakakauka.

Maana nilikuwa nafikiria mwaka ule. Baba yenu alipokuwa ananiambia yameota yenyewe, alikuwa na kopo la maji mkononi, na uso wake ulikuwa wazi kabisa. Hata hakujitetea. Nilidhani ni ujasiri wa mwongo. Kumbe hakuwa na la kujitetea nalo, hakujua yametoka wapi zaidi yangu. Na kule ng'ambo ya reli, nimemuuliza leo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anafuata mbolea. Yule mwanamke alikuwa akimkopesha kwa sababu wewe ulitugharimu hospitalini.

Kuhusu kitalu msigombane tena. Baba yenu alisema ni cha atakayeotesha meupe. Nimeotesha mimi. Kitalu ni changu. Dada yako atakiendesha, na wewe ukija likizo utafungua mpira wa maji kila asubuhi kama ulivyoomba, uone raha yake. Dada yako amelisikia hili, amecheka hadi akamwaga udongo sakafuni, na atafagia yeye.

Sasa nikueleze la leo, ndilo nililokusudia.

Ua la kwanza limefunguka asubuhi. Nililichuma, nikalitia kwenye kikombe, nikampelekea barazani. Sikumwita dada yako anipelekee, wala sikusema mwambie baba yako. Nilikwenda mwenyewe, nikaliweka pale kwenye mkono wa kiti. Alilitazama. Akanitazama mimi. Akaniuliza swali lilelile nililomuuliza mimi nikiwa nimekubeba mkononi: umelitoa wapi?

Nikamwambia limeota lenyewe.

Mama yenu